Filamu za dokumentari: pesa za kamera zinatafutwa, za kuandika zinasahauliwa

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, bato iliyojaa watu na mizigo kutoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, katika mji wa Goma. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya ndugu waliokuwa wakiwangojea kwenye nchi kavu. Barabara ya kutoka Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, na ziwa ndilo lililobaki njia. Siku hiyo hiyo picha za simu zilikuwa zimekwisha kuzunguka Kongo nzima.

Mambo kama hayo yanazaa karibu kila mara sentensi moja ambayo mtu anaisikia Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi: «Hii ingefaa filamu.» Kijana anaazima kamera kwa rafiki, anapiga picha siku tatu, anajaza disiki. Miezi sita kisha, disiki iko ndani ya kabati na filamu hakuna. Ukimuuliza kilichokosekana, jibu ni lile lile: makuta.

Jibu hilo ni kweli nusu. Pesa zilikosekana, ndiyo. Lakini hata kama zingepatikana, zingeanguka pahali pasipofaa, kwa sababu kabla ya kuwasha kamera hakuna aliyekuwa amejua filamu ni ya nani, inaanzia wapi, inangojea nini, na itagharimu kiasi gani. Kazi hiyo ya kwanza, ile ya kutoka wazo mpaka senario na bajeti, ndiyo Kongo haiilipi. Serikali haiilipi, televisheni haziilipi, na waongozaji wenyewe, sherti isemwe, wengi wanaikimbia.

Wazo kubwa, watu wawili

«Ajali ya Kituku» bado si filamu. Ni habari, na wandishi wa habari walikwisha kuitoa. «Usalama wa safari kwenye ziwa Kivu» pia si filamu. Hiyo ni mada ya semina, yenye chai ya saa nne na karatasi za kusaini mahudhurio. Filamu inaanza kuonekana pale mtu anapokaa Kituku asubuhi nyingi bila kutoa kamera mfukoni, akisalimia, akibeba mzigo pale anapoombwa, akijua bato gani inafika saa ngapi.

Chukua, kwa mfano tu, wamama wawili wachuuzi. Mmoja alirudi kupanda bato juma lile lile la ajali, kwa sababu watoto sherti wale. Mwingine aliapa hatakanyaga tena maji, na sasa ananunua mihogo kwa bei ya juu kutoka kwa yule wa kwanza. Zamani walikuwa marafiki. Leo mmoja ana deni kwa mwenzake. Hapo kuna watu, kuna swali, kuna jambo linaloweza kugeuka kesho asubuhi. Usalama wa ziwa bado umo ndani, na vita vimo, na barabara iliyokatwa imo. Lakini hakuna mtaalamu anayehitaji kukaa mbele ya rafu ya vitabu kuyaeleza.

Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ndiye ameonyesha njia hiyo kuliko Mkongomani mwingine wa kizazi chake. Mada ya filamu yake ya 2014, Examen d'État, ni elimu. Lakini anayeitazama haoni «elimu». Anaona wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa darasani kwa sababu hawajalipa pesa za walimu, wanaojikusanya katika nyumba moja ili wajiandae, na tarehe ya mtihani wa serikali inawakaribia. Kila aliyesoma sekondari Kongo anajua uzito wa tarehe hiyo. Mwongozaji hakuwa na haja ya kutafuta wapi pa kuanzia na wapi pa kumalizia: kalenda ya wizara ya elimu ilikuwa imekwisha kumpangia.

Miaka sita kisha, akafanya En route pour le milliard. Mada safari hii ni Vita vya Siku Sita, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani mwezi wa sita 2000. Mtu mwingine angetafuta wanahistoria, ramani na majenerali waliostaafu. Hamadi aliwafuata waliokatwa viungo na vita hivyo, wenye chama chao, wenye kudai dola bilioni moja za fidia, wakipanda bato kwenye mto Kongo mpaka Kinshasa kwenda kubisha mlango wa wakubwa. Safari moja, lengo moja, watu wenye magongo na miguu ya bandia juu ya bato inayovuja mvua. Filamu ile ilichaguliwa rasmi kwa tamasha la Cannes la 2020, jambo ambalo filamu ya mwongozaji wa Kongo haikuwa imelipata. Na kudai kwao hakukuwa ndoto ya wazimu: mwezi wa pili 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kulipa dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini Kongo, na mfuko wa kugawa pesa hizo ukawekwa Kisangani.

Wanaosema Hamadi anafaulu kwa sababu ana kipaji na anashika kamera yeye mwenyewe hawajakosea, ila wanasahau kitu. Kabla ya bato kuondoka, alikuwa anawajua watu wale. Alijua nani anaongoza, nani anakasirika haraka, nani anaigiza katika mchezo wao wa tamthilia. Yeye ni wa mji ule. Huo ndio uandishi, hata kama haukuwa wa karatasi.

Nelson Makengo wa Kinshasa ni mfano mwingine, wa namna nyingine. Mwaka 2019 alitoa filamu fupi, Nuit debout, kuhusu wakaaji wa Kinshasa na giza la umeme unaokatika, nayo ikapata tuzo ya filamu fupi huko Amsterdam. Filamu ndefu juu ya giza lile lile, Tongo Saa, ilionekana Berlin 2024. Miaka mitano iko katikati. Anayefikiri miaka hiyo yote ilikuwa ya kungojea visa na barua za wafadhili anapaswa kutazama filamu mbili mfululizo. Ataona kile kilichokua.

Kuandika jambo ambalo halijatokea

Kuna pingamizi ambalo linarudi katika kila mafunzo ya sinema: mtu ataandikaje senario ya maisha halisi? Je, mwongozaji amwamuru mama wa Kituku aseme nini? Ikiwa kila kitu kimeandikwa mbele, basi ukweli uko wapi?

Pingamizi hilo linachanganya senario ya tamthilia na senario ya dokumentari. Ya pili haiamuru mtu kusema. Inaandika kile mwongozaji alichokiona kwa macho wakati wa kuzunguka, inaandika anachotegemea kuona na kwa sababu gani, na inakubali wazi pale asipojua. Ukurasa wa kwanza unaeleza filamu kwa mistari michache ambayo hata dada yake asiyependa sinema ataielewa. Kisha inakuja barua ya nia, ambamo anaeleza kwa nini yeye, na si mtu mwingine, ndiye afanye filamu hii. Hapo ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu wanaandika kwamba jambo ni «muhimu kwa dunia». Mfadhili anayesoma dosiye mia tatu amekwisha kukutana na umuhimu wa dunia mara mia tatu. Lakini mwongozaji akiandika kwamba shangazi yake alikuwa na mzigo ndani ya bato na yeye hakupanda siku ile kwa sababu ya malaria, msomaji anakaa vizuri kwenye kiti.

Baada ya hapo ni sehemu ndefu, ile ya kusimulia filamu pande kwa pande: asubuhi bandarini, saa kumi na moja, kelele za wabebaji, safari, soko, jioni nyumbani wakati wa kuhesabu faida kwa mwanga wa simu. Si kwa sababu mambo yatakwenda hivyo bila kubadilika. Ni kwa sababu mtu aliyekwisha kuyaandika anajua siku ya kupiga picha aweke kamera wapi, na yakibadilika anajua yamebadilika kutoka wapi. Asiyeandika anapiga picha kila kitu, na baadaye anakaa mbele ya saa themanini za picha bila kujua atupe nini.

Filamu Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes 2017, ingeweza kuandikwa katika mistari mitatu. Mwanaume wa kijijini, upande wa Kolwezi, anakata mti mkubwa, anachoma makala, anapakia magunia juu ya kinga na kulisukuma kwa siku nyingi mpaka mjini, kwa sababu anataka kununua mabati ya nyumba. Hicho tu. Watu wanasema Kiswahili cha Katanga tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila siku maelfu ya Wakongomani walipita kando ya makinga yale barabarani bila kuona filamu. Hii si kumlaumu Mfaransa, filamu ni nzuri. Ila inauma kidogo kwamba kile kilichokuwa mbele ya mlango wa Lubumbashi na Kolwezi kilimngojea mgeni mwenye muda wa kukitazama na mtu wa kumlipa muda huo.

Dosiye kwa Kifaransa, maisha kwa Kiswahili

Basi kijana wa Goma ao wa Bukavu anaamua kuandika. Atapeleka wapi? Kuna IDFA Bertha Fund huko Amsterdam, World Cinema Fund huko Berlin, msaada wa sinema za dunia kutoka CNC ya Ufaransa, mfuko wa picha wa Francophonie. Milango hiyo imesaidia filamu nyingi za Afrika, na bila hiyo orodha ya filamu za Kongo za miaka ishirini iliyopita ingekuwa fupi mno. Lakini yote iko mbali, yote inataka dosiye kwa Kifaransa ao Kiingereza, na yote ina watu wanaosoma wakiwa hawajawahi kupanda bato ya Minova.

Matokeo yake yanaonekana ndani ya dosiye zenyewe. Mwongozaji anajifunza haraka maneno yanayofungua mlango: ubakaji, madini, askari watoto, gorila. Si uongo, mambo hayo yapo. Lakini yule mama wa Kituku mwenye deni kwa rafiki yake anaanza kugeuka kwenye karatasi. Kwanza ni mchuuzi, kisha ni «mhanga», katika toleo la tatu yeye ni «mwanamke jasiri wa Kivu». Ucheshi wake umetoka, kwa sababu Kifaransa cha dosiye hakikuubeba. Mtu aliyekuwa akiwatukana wabebaji na kuwachekesha wote bandarini sasa anatazama ziwa kimya, ukurasa mzima.

Dawa mojawapo ni rahisi na haina gharama kubwa: kuandika kwanza kwa Kiswahili. Andika namna watu wanavyosema, na majina wanayoyapa vitu, hata matusi. Wasomee wenyewe sehemu inayowahusu, wasikie kama ni wao. Tafsiri ije mwishoni, na alipwe mtu anayeifahamu kazi hiyo. Waongozaji wengi wanafanya kinyume. Wanawaza filamu moja kwa moja katika lugha ya mfadhili, na siku ya kupiga picha wanawauliza watu maswali ambayo yalitafsiriwa kutoka kwenye dosiye yao.

Kuna shule nyingine iliyoharibu kalamu za vijana, nayo ni ile ya filamu za ONG. Huko mashariki ya Kongo mtu anaweza kuishi miaka kumi akitengeneza vipande vya dakika nane vyenye nembo mwanzoni na mwishoni. Kazi hiyo inalisha familia, na hakuna wa kumcheka anayeifanya. Lakini inafundisha kwamba mtu kwenye filamu ni mnufaika, kwamba kabla ya mradi alilia na baada ya mradi anatabasamu, na kwamba senario inaletwa na ofisi ikiwa imekwisha kukubaliwa. Anayetoka huko na kutaka kufanya filamu yake anakuta hajawahi hata mara moja kuulizwa: wewe unaona nini?

Hesabu ya bato moja

Bajeti ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Wengine wanaiandika usiku wa mwisho kabla ya kutuma, wengine wanachukua ya rafiki na kubadilisha jina la filamu. Hivyo inatokea filamu ya ziwani yenye mstari wa kukodi jeep siku ishirini na mbili, bila hata jaketi moja la kuokoa maisha.

Chukua tena mfano wa wamama wawili wa Kituku, na hesabu za kukisia. Kazi ya kuandaa peke yake, kabla ya kupiga picha yenyewe, inaweza kuchukua miezi minne. Siku arobaini za kuzunguka bandarini na kwenye maji, dola 15 kwa siku za nauli na chakula: 600. Siku tano za kupiga picha za majaribio, kukodi kamera na mikro kwa dola 80 kwa siku: 400. Kusikiliza na kuandika saa ishirini za mazungumzo, dola 15 kwa saa: 300. Tafsiri, kusahihisha, intaneti, kuchapa: 250. Majaketi manne ya kuokoa maisha: 100. Malipo ya mwongozaji, dola 400 kwa mwezi: 1,600. Na dola 200 kwa wamama wenyewe.

Mistari hii miwili ya mwisho inaleta ubishi. Juu ya ule wa mwongozaji, wengi wanaandika sifuri. Wanafikiri watapendwa kwa kuwa wa bei nafuu. Mtu anayejiandikia sifuri anasema, bila kujua, kwamba miezi minne ile atakula kazi nyingine, na filamu itaandikwa Jumapili. Sifuri hiyo hiyo inawafungia nje wasio na baba wa kuwalisha. Mwishowe filamu za Kongo zinaandikwa na wale tu wanaoweza kukaa miezi minne bila mshahara.

Juu ya ule wa wamama, ubishi ni mzito zaidi, na una haki ya kuwa mzito. Kuna waongozaji wanaosema mhusika wa dokumentari halipwi kamwe, kwa sababu akilipwa atasema kile mlipaji anataka. Katika nchi ambako hata mwandishi wa habari analipwa coupage ili aje kwenye mkutano, woga huo unaeleweka. Lakini kumlipa mtu ili aseme ni jambo moja, na kumrudishia siku ya soko aliyoipoteza kwa ajili yako ni jambo lingine. Mama aliyesimama mbele ya kamera toka saa moja mpaka saa sita hakuuza. Usiku watoto wake hawatakula barua ya nia. Iandikwe ndani ya bajeti wazi, kwa kiasi kile kile kwa wote wawili, wajue tangu mwanzo, na mfadhili ajue. Kinachoharibu filamu ni noti inayopitishwa chini ya meza.

Jumla ya kuandaa: dola 3,450.

Kupiga picha na kumaliza kunakuja juu yake. Siku thelathini na watu watatu, yaani mwongozaji mwenyewe kwenye kamera, mtu wa sauti na msaidizi, kwa dola 200 kwa siku wote pamoja: 6,000. Vifaa 3,600, safari 1,200, chakula 900, ruhusa za ofisi 500. Disiki tatu, 450, na sababu ya tatu badala ya moja inajulikana na yeyote aliyewahi kukimbia mji usiku: nakala moja inabaki kwa mwongozaji, nyingine kwa ndugu, ya tatu inavuka mpaka. Juma kumi za kukata na kuunganisha picha, 4,000. Sauti na rangi, 3,000. Tafsiri na maandishi ya chini, 1,200. Muziki, 500. Hiyo ni 21,350, na asilimia 10 ya dharura ni 2,135. Hakuna filamu ya Kivu inayokwisha bila dharura. Asiyeiweka ataitoa mfukoni mwake.

Hakuna picha za zamani katika mfano huu, na hiyo ni bahati. Mkongomani anayetaka kuonyesha dakika mbili za mwaka 1960, Lumumba akitembea ao umati wa Léopoldville, atakuta picha hizo ziko Brussels, Paris ao London, na kwamba zinauzwa kwa dakika, pengine kwa sekunde. Raoul Peck, Mhaiti aliyekulia Léopoldville, alikutana na ukuta huo mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipofanya Lumumba, la mort d'un prophète. Bei aliyoombwa kwa picha za zamani aliisimulia ndani ya filamu yenyewe. Na safari ya kwenda Zaire ilipokuwa hatari kwake, alibaki Ubelgiji akapiga picha mitaa ya Brussels na watu wanaopita, huku sauti yake ikisimulia kuhusu Lumumba. Kwake yeye ukosefu uligeuka sehemu ya senario. Lakini hiyo ilitoka kwa mtu aliyekuwa amefikiri filamu yake kwa muda mrefu. Anayekutana na ukuta kama huo akiwa tayari kwenye meza ya kuunganisha picha anaweza tu kufuta.

Bei ya jeep moja

Irudiwe ile hesabu ya kwanza: dola 3,450 kwa kuandaa filamu moja kwa heshima. Filamu kumi kwa mwaka ni dola 34,500. Jeep moja mpya ya mkurugenzi, yenye vioo vyeusi, inapita kiasi hicho kwa mbali. Kongo ina wizara ya utamaduni, ina mfuko wa kuendeleza utamaduni unaochukua makato kwa miaka mingi, ina televisheni ya taifa yenye vituo mikoani. Hakuna anayeiomba serikali ijenge Hollywood kando ya mto Ruzizi. Kinachoombwa ni mlango mmoja wazi kwa mwaka, wenye tarehe inayojulikana, wenye wasomaji wanaojua sinema, ambapo kijana wa Uvira, Bunia ao Kalemie anaweza kupeleka kurasa kumi kwa Kiswahili ao Lingala na kupata miezi minne ya kufanya kazi.

Atakayejibu kwamba nchi iko vitani na sinema ingoje anasahau kwamba vita hivi vinapigwa picha kila siku, na wengine. Filamu kubwa juu ya Virunga, juu ya daktari Mukwege, juu ya madini ya Katanga, zimetoka kwa Waingereza na Wabelgiji. Baadhi zimefanya kazi ya maana ambayo Wakongomani hawakuwa na uwezo wa kuifanya wakati ule. Lakini ile ya Thierry Michel juu ya Mukwege ilipotoka 2015, serikali ya Kinshasa ilitumia nguvu kuizuia kwa majuma, kisha ikairuhusu. Nguvu za kuzuia filamu za wengine hazikukosekana siku hiyo. Kinachokosekana ni cha kuwapa wenyeji waanze.

Senegal ilianza. Tangu 2014 ina mfuko wa serikali wa sinema, FOPICA. Moja ya filamu ulizosaidia ni Félicité ya Alain Gomis, iliyopata tuzo Berlin na tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou mwaka 2017. Ni tamthilia, si dokumentari, lakini ina jambo la kuwanyima usingizi wakubwa wa Gombe: inasimulia maisha ya mwimbaji wa Kinshasa, imepigwa picha Kinshasa, mwigizaji mkuu ni Mkongomani, Véro Tshanda Beya, watu wanasema Lingala. Sehemu ya pesa za umma zilizoingia humo ilitoka Dakar.

Televisheni za binafsi nazo zina sehemu yao. Zinapokea filamu za ONG zikiwa tayari, bure, tena wakati mwingine zinalipwa kuzionyesha. Kuahidi kwa barua, kabla ya filamu kuwepo, kwamba itaonyeshwa siku fulani, hakuzigharimu kitu, na barua kama hiyo ina uzito ndani ya dosiye kuliko kurasa tano za maneno makubwa. Ni wachache wanaoiomba, kwa sababu ni wachache wanaojua inaweza kuombwa.

Katika bajeti ya wamama wa Kituku umebaki mstari mmoja ambao haujahesabiwa: dola 600 za projekta, jenereta, kitambaa cheupe na mafuta, ili filamu ikimalizika ionyeshwe usiku kwenye soko lenyewe, kwa bei ya bure, mbele ya wabebaji na manahodha. Pamoja nao jumla yote inafika dola 27,535. Mfadhili wa mbali akiomba bajeti ipunguzwe, mwongozaji atafikiria kufuta mstari huo kwanza, na ni huo ambao wamama wale wawili watamuuliza kila watakapokutana naye bandarini.